UKURASA WA AFYA: Kitabu cha Jioni na Yaliyomo Kati ya Kurasa Zake



Wapenzi wasomaji, katika familia nyingi za kwetu Mohoro, na kote kwenye bonde la Rufiji na Kibiti, kipo kitabu kimoja kinachopewa heshima kuliko vingine. Yaweza kuwa Biblia, Misale ya Waumini, kitabu cha nyimbo, au kitabu cha shule cha mtoto aliyekwisha maliza. Baada ya chakula cha jioni kitabu hicho hufunguliwa, mmoja akasoma na wengine wakasikiliza. Kila kinapofunguliwa huanguka kitu: jani kavu la mnazi la Jumapili ya Matawi, picha ya babu aliyefariki, barua ya kijana aliye Dar es Salaam, cheti cha ubatizo, kadi ya kliniki ya mtoto. Majirani zetu Waislamu nao wana vitabu vyao na karatasi zao walizozihifadhi vivyo hivyo.

Mtu anaweza kuuliza, hayo yanahusu nini ukurasa wa afya? Yanahusu sana. Usomaji wa jioni unagusa macho, usingizi, moto na hewa ya nyumbani. Na zile karatasi zilizofichwa kati ya kurasa, moja kati yake yaweza kuwa ndiyo inayolinda uhai wa mtoto. Mwezi huu tuyatazame hayo moja baada ya jingine.

KUSOMA HUPUMZISHA MWILI

Mtu aliyeshinda shambani au kwenye mtumbwi hafiki kitandani na mwili peke yake. Anafika na mawazo yake: deni, mpunga ulioliwa na ndege, ada ya shule. Mawazo hayo huufanya moyo uende mbio na usingizi ukakimbia. Akikaa mahali patulivu akasoma taratibu, au akasomewa, pumzi hupungua kasi, misuli hulegea, na akili hushika jambo moja badala ya kumi. Mwili ukizoea kwamba kila siku baada ya kusoma hufuata kulala, usingizi huja kwa urahisi zaidi.

Simu haifanyi kazi hiyo sawasawa. Mwanga wake mkali ukiwa karibu na macho huuambia ubongo kwamba bado ni mchana, na usingizi huchelewa. Tena simu haiishi: habari moja huvuta nyingine. Anayesoma Neno la Mungu kwenye simu hatendi kosa, lakini apunguze mwanga wake na aiweke pembeni nusu saa kabla ya kulala.

Watoto wanaosomewa hufaidika zaidi. Hujifunza maneno mapya, huzoea kusikiliza, na huwa karibu na wazazi wao kwa saa ambayo hakuna anayewatuma wala kuwagombeza. Mzazi asiyejua kusoma asijione hana sehemu. Amwambie mtoto wa darasa la tano asome, naye asikilize na kuuliza maswali.

TAA TUNAYOSOMEA

Wengi tumeambiwa tangu utoto kwamba kusoma kwenye mwanga hafifu kunapofusha. Si kweli. Mwanga hafifu huchosha macho, huleta maumivu ya kichwa na kumfanya mtu afikiche macho, lakini akipumzika hali hiyo huisha. Hatari iliyo kubwa zaidi inatoka kwenye taa yenyewe.

Kibatari, ambacho wengine hukiita koroboi, hakina kioo. Moto wake hauchomi mafuta yote vizuri, na sehemu yake hugeuka kuwa masizi. Watafiti waliopima vibatari vya utambi wa kawaida, na kutoa matokeo yao mwaka 2012, waliona kwamba kati ya asilimia 7 na 9 ya mafuta ya taa yanayoungua hugeuka kuwa chembe nyeusi za masizi. Ndiyo yale mtoto anayoyatoa puani asubuhi. Mengine huingia mapafuni. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mafuta ya taa yasitumike majumbani kwa sababu ya moshi na ajali zake. Mwenye uwezo wa kununua taa ndogo ya sola asisite. Fedha ya mafuta ya miezi michache huilipa. Ambaye hajaweza, atumie taa ya chemli yenye kioo safi na utambi uliokatwa vizuri, aache dirisha wazi, na kamwe asiweke taa ya moto ndani ya chandarua au karibu nacho.

Hapa yako mambo mawili ambayo kila mzazi ayajue kwa moyo.

Kwanza, mtoto akiungua, mwagia sehemu iliyoungua maji safi ya baridi kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, yai, asali, majivu wala mafuta. Funika kwa kitambaa safi na umpeleke kituo cha afya.

Pili, mtoto akinywa mafuta ya taa, usimtapishe wala usimpe maziwa ili atapike. Mafuta yakipanda tena huingia kwenye mapafu, na huko ndiko yanakoua. Mkimbize hospitali hata kama anaonekana mzima, maana kikohozi na kuhema haraka vinaweza kuja baada ya saa kadhaa. Mafuta ya taa yasiwekwe kwenye chupa ya soda au ya maji, kwa kuwa mtoto hawezi kutofautisha.

Tukumbuke pia mbu. Wa malaria huuma zaidi usiku, na wengine huanza mapema, watu wakiwa bado wameketi. Anayesoma nje barazani ajifunike miguu na mikono, na watoto wadogo na mama mjamzito wasomewe wakiwa tayari ndani ya chandarua chenye dawa.

MACHO YA MZAZI

Wako wazazi walioacha kusoma masomo kanisani wakisema, "Macho yamezeeka, tuwaachie vijana." Mtu akifikia umri wa miaka 40 hivi, lenzi iliyo ndani ya jicho huwa ngumu na haiwezi tena kujikunja ili kuona kitu kilicho karibu. Anaona mtumbwi ulio mbali mtoni, lakini herufi za kitabu zinamchanganya. Husogeza kitabu mbali mpaka mkono unakwisha urefu. Ni hali ya kila mwanadamu. Hailetwi na kusoma sana, wala haizuiwi kwa kuacha kusoma.

Utafiti uliofanywa vijijini wilayani Kongwa, Dodoma, na kutangazwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba kiasi cha watu 6 katika kila 10 wenye miaka 40 na zaidi walikuwa na hali hiyo, na waliokuwa na miwani walikuwa wachache mno. Tiba yake ni miwani ya kusomea, ambayo bei yake si kubwa. Huhitajiwa pia kwa kutunga uzi kwenye sindano, kuchambua mchele, kushona nyavu, na kusoma maandishi madogo kwenye pakiti ya dawa. Kwa hiyo miwani si anasa ya walimu na makarani.

Hata hivyo, kabla ya kununua miwani, macho yapimwe. Mtoto wa jicho na presha ya jicho huanza polepole, na presha ya jicho huweza kumaliza uoni bila maumivu yoyote. Akiona ukungu usioondoka, jicho likiwa jekundu na kuuma, au uoni ukipotea ghafla, mtu asingoje. Aende hospitali. Asitie jichoni maziwa ya mama, maji ya majani, wala dawa aliyopewa jirani.

MACHO YA MTOTO YANALINDWA NA KADI

Sasa tuje kwenye zile karatasi. Watoto wengi wa Afrika waliopofuka zamani hawakuzaliwa vipofu. Walipofushwa na surua na ukosefu wa Vitamini A, mara nyingi vyote viwili pamoja. Dalili ya mwanzo ni mtoto kujikwaa jua linapotua, wakati wenzake bado wanaona. Mtoto wa namna hiyo apelekwe zahanati upesi.

Kinga yake inajulikana. Chanjo ya surua na rubella hutolewa mtoto anapotimiza miezi 9 na tena miezi 18. Matone ya Vitamini A hutolewa kila baada ya miezi 6, kuanzia umri wa miezi 6 hadi miaka 5. Nyumbani tuongeze matembele, kisamvu, mchicha, maembe, papai, viazi vitamu vya rangi ya chungwa, na samaki wa mto wetu. Na ni kitu gani kinachoonyesha kwamba mtoto huyu amepata au hakupata? Ni kadi ya kliniki, ile iliyolala katikati ya Zaburi.

Kadi ya namna hii ina historia yake. Katika miaka ya 1950 na 1960 daktari Mwingereza David Morley, akifanya kazi katika kijiji cha Imesi-Ile nchini Nigeria, aliona kwamba mama anayeshika mwenyewe kadi ya mtoto wake huilinda kuliko makabati ya hospitali. Akatengeneza kadi yenye mchoro wa uzito ambao mama yeyote anaweza kuufuata kwa macho, hata asiyejua kusoma. Mpango huo ulienea katika nchi nyingi. Wazazi wa Tanzania wengi wanakumbuka kadi yenye rangi ya kijani, kijivu na nyekundu: kijani mtoto anaendelea vizuri, kijivu yuko hatarini, nyekundu yuko katika hatari kubwa.

Jambo ambalo wengi hawalitazami ni mwelekeo wa mstari. Mtoto aliye kwenye kijani lakini mstari wake umelala au unashuka kwa miezi miwili, anahitaji kuangaliwa mapema, kabla hajakonda machoni pa watu. Kwa hiyo kadi isifunguliwe siku ya kliniki tu. Mara moja kwa mwezi, mkiwa mmekaa jioni na kitabu, isomeni nayo. Baba naye aisome. Mwulizane: mstari unapanda? Chanjo ipi bado? Tarehe ya kurudi ni lini?

KUMBUKUMBU ZA WAFIWA ZILIVYOOKOA WATOTO

Rufiji yenyewe ina fundisho kubwa juu ya jambo hili. Kuanzia mwaka 1998, katika vijiji vya kaskazini mwa mto, pande za Ikwiriri, Kibiti na Bungu, wadadisi walipita nyumba hata nyumba mara kadhaa kwa mwaka wakiandika waliozaliwa, waliohama na waliofariki. Palipokuwa na msiba waliketi na wafiwa kwa upole na kuuliza: alianza kuugua lini, homa ilikuwaje, alipelekwa wapi? Ilikuwa sehemu ya kazi iliyoshirikiana na mradi ulioitwa TEHIP, uliofanya kazi Rufiji na Morogoro Vijijini.

Majibu ya wafiwa yalionyesha magonjwa gani yanaua zaidi, hasa malaria na magonjwa mengine ya watoto, na kwamba fedha za wilaya hazikuwa zikielekezwa huko kwa kadiri ya uzito wake. Mipango ikabadilishwa, wahudumu wakafundishwa namna bora ya kutibu watoto, na katika miaka michache vifo vya watoto wadogo vilipungua sana katika wilaya hizo mbili. Ndugu wasomaji, mama aliyejibu maswali yale huku machozi yakimtoka hakurudishiwa mtoto wake. Lakini kumbukumbu yake ilisaidia watoto wa wengine kuishi.

MAJI NA DUNGU

Kadi hupotea kwa njia mbili zinazojulikana sana hapa kwetu. Ya kwanza ni kuhamia shambani. Msimu wa mpunga familia nyingi huishi kwenye dungu kwa wiki au miezi kulinda mazao dhidi ya ndege na nguruwe. Kitabu hubaki kijijini, na kadi hubaki ndani yake. Mtoto akiugua shambani hupelekwa zahanati mikono mitupu, na tarehe ya chanjo hupita bila mtu kukumbuka. Kanuni ni rahisi: kadi ifuate mtoto. Mtoto akienda dungu, kadi na chandarua viende naye.

Ya pili ni mafuriko. Maji ya Rufiji ndiyo yanayotupa rutuba na kilimo cha mlau, lakini yana siku zake. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968 Serikali iliwahamisha watu wengi kutoka bondeni katika Operesheni Rufiji. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 tunazikumbuka. Na mwezi Aprili 2024 maji yaliingia Mohoro na sehemu nyingi za Rufiji na Kibiti, yakafunika nyumba na mashamba, na watu wakakimbilia sehemu za juu. Katika saa kama hiyo mtu hushika mtoto na sufuria. Kitabu kilicho juu ya meza hakikumbukwi.

Basi tujiandae maji yakiwa bado mbali:

1. Kadi zote za kliniki, vyeti vya kuzaliwa na vya ubatizo, na kadi ya bima viwekwe pamoja katika mfuko wa nailoni mzito, ufungwe vizuri, kisha mfuko wa pili juu yake.

2. Mfuko huo uning'inizwe juu mahali ambapo kila mtu mzima wa nyumba anapajua na anaweza kuushika gizani.

3. Mwenye simu yenye kamera azipige picha kurasa za kadi na kumtumia ndugu mmoja anayeaminika.

4. Andika nyuma ya kadi jina la kijiji na la zahanati. Kadi iliyookotwa irudi kwa mwenyewe.

Karatasi ikiwa imelowa, usiitenganishe kwa nguvu wala kuianika kwenye jua kali. Itandaze kivulini penye upepo. Maji ya mafuriko hubeba uchafu wa vyoo, kwa hiyo nawa mikono kwa sabuni baada ya kushika vitabu vilivyolowa, na usiwaachie watoto wavichezee. Kitabu kilichoota ukungu kifunguliwe nje, pua na mdomo vimefunikwa kwa kitambaa, kwa sababu vumbi la ukungu huamsha pumu na mafua. Mwenye pumu asifanye kazi hiyo.

Na kama kadi imepotea kabisa? Nenda kliniki bila aibu. Mama mmoja kukaa nyumbani kwa kuogopa kugombezwa ni hasara kubwa kuliko kadi yenyewe. Muuguzi atatafuta katika rejesta, ataangalia kovu la chanjo ya kifua kikuu kwenye bega la mtoto, na ataandika kadi mpya. Pasipopatikana kumbukumbu yoyote, anaweza kuamua kumchanja tena. Kwa kawaida kurudia chanjo ambayo mtoto aliwahi kuipata hakumdhuru, lakini kuikosa kunaweza kumwua.

SIRI NA DAWA

Yako maonyo mawili madogo. Kadi ya mama mjamzito na ya mtoto huwa na majibu ya vipimo ambavyo ni siri ya mwenyewe. Kitabu chetu cha jioni huazimwa, hupelekwa kwenye jumuiya ndogo ndogo, na hushikwa na wageni. Kabla ya kukiazima, kipekue. Nawe ukikuta kadi ya mwenzako ndani ya kitabu, ifunge, uirudishe, na usiseme ulichokiona. Huo nao ni upendo wa jirani.

Onyo la pili ni vidonge. Wengine huweka vidonge vilivyobaki kati ya kurasa ili "vije visaidie". Vidonge hivyo hupoteza nguvu kwa unyevu, havina jina wala tarehe, na mtoto akivikuta huviona ni peremende. Dawa isiwekwe kitabuni. Maliza dozi kama ulivyoelekezwa, na iliyobaki irudishe zahanati.

KADI YA MTOTO ALIYEFARIKI

Katika vitabu vingine imo kadi ambayo mstari wake ulikatika. Mtoto alifariki, na mama akaibakiza. Ndugu humwambia, "Itupe, inakutonesha kidonda." Tusimwambie hivyo. Kushika kadi, kutazama picha, kutaja jina la marehemu na kumwombea ni njia ambazo moyo hujifunza kuishi na pengo. Kanisa nalo hutufundisha kuwakumbuka marehemu wetu, hasa mwezi wa Novemba. Anayelia mbele ya picha baada ya mwaka mmoja hana wazimu wala hajakosa imani.

Lakini zipo dalili za kuangalia: mfiwa kutolala wala kula kwa wiki nyingi, kuacha kujitunza na kuwatunza watoto waliobaki, kujilaumu bila kikomo, au kusema ni heri angekufa yeye. Huyo asiachwe peke yake. Mtu wa karibu akae naye, amsikilize bila kumhubiria, na ampeleke kituo cha afya. Padre au katekista naye aarifiwe, mwenyewe akikubali. Huzuni ya namna hiyo ni ugonjwa unaotibika.

KWA UFUPI

Soma jioni, mwili upumzike. Taa iwe safi na iwe mbali na chandarua. Aliyepita miaka 40 apimwe macho na kupata miwani. Kadi ya mtoto isomwe kila mwezi, ikae pakavu, na imfuate mtoto aendako. Dawa zitoke kitabuni. Siri ya jirani itunzwe. Kumbukumbu za marehemu ziheshimiwe.

Jumuiya ndogo ndogo mnaweza kulifanya hili kuwa tendo la mwezi huu: mkikutana, kila familia iseme tu kama kadi zake zimewekwa mahali pakavu na kama yupo mtoto aliyepitwa na chanjo. Aliyepitwa asindikizwe kliniki na jirani yake.

Tukutane tena mwezi ujao. Mungu awabariki.